Siku Vyombo Vyetu Vilipopigwa Mnada

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alipita barazani, akanipa shikamoo yake, nikampa marahaba yake, kisha akauliza swali lililonitibua nyongo. "Babu Hemedi," alisema, "tumealikwa tukatoe maoni, eti sera ya sanaa inaandikwa upya. Sasa mimi narekodia chumbani, biti napika mwenyewe, ngoma naitupia mtandaoni. Sera inanihusu nini?"

Nilimfokea. Nikamwambia aende akamuulize aliyemwalika. Akaondoka na kofia yake mkononi, na mimi nikabaki nimekaa na hasira isiyo yake. Ilikuwa ya watu wengine, ya siku nyingi, naye aliikanyaga tu kama mtu anavyokanyaga moto wa pumba, juu majivu, chini kaa. Basi namwandikia yeye, na nyinyi wenzake wote mnaopiga muziki katika mji huu. Someni hata kama ni marefu. Sisi tulisikiliza hotuba ndefu kuliko haya, tena tumesimama.

Mimi nilikuwa mpuliza tarumbeta. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya ujana wangu wote. Lakini mkinitafuta katika mafaili ya Shirika lililoniajiri, mtaniona mlinzi.

Hamjui mambo haya, kwa hiyo nieleze. Siku zile bendi kubwa zilikuwa za mashirika ya umma. Shirika linanunua magitaa, ngoma, matarumbeta, linakupa mshahara na sare, nawe unapiga. Letu lilikuwa la kuuza vitambaa, na ghala lake lilikuwa Mchafukoge. Mtindo wetu tuliuita Kokota, tuliiga mwendo wa wapagazi wa Kariakoo wanavyovuta mikokoteni: bega hili, bega lile, kisha unajivuta. Mji mzima ulikokota. Ila katika Shirika hapakuwa na cheo cha mwanamuziki. Palikuwa na karani, dereva, tarishi, mpishi. Bi Rehema, mwimbaji wetu, akaandikwa mpishi, yeye ambaye hata uji ulikuwa ukimshinda kukoroga. Mzee Kondo, kiongozi wa bendi, ambaye watu walikuwa wakitoka Temeke kwa miguu kuja kusikia saksofoni yake, aliandikwa fundi mabomba.

"Si uongo," Bi Rehema alikuwa akisema. "Kazi yake si kupitisha kitu kwenye bomba?"

Asubuhi moja kufuli la ghala lilikutwa limevunjwa. Meneja akaita, "Mlinzi wa zamu yuko wapi?" Akajibiwa, "Yuko Morogoro, mkuu, anapuliza tarumbeta." Niliporudi nilikabidhiwa onyo la kulala kazini. Saa ile ile wezi walipokuwa wakibeba vitenge, mimi nilikuwa jukwaani, jasho linanitoka, napuliza wimbo wa Shirika wa kuwahimiza wafanyakazi wawe macho.

Tulicheka. Ninachokasirikia leo ni kwamba tulicheka. Tuliona ni mchezo tu wa ofisini, mradi mshahara unakuja na ngoma zinalia. Hakuna aliyegonga meza akasema: mimi si mlinzi, niandikeni kazi yangu.

Mzee Kondo ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa Pwani, Mzaramo wa kanzu ya Ijumaa na suruali ya kupiga pasi siku nyingine zote, mfupi, mpole wa maneno na mkali wa masikio. Tulijifunzia chumbani kwake Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na familia saba. Jirani wa ukutani alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo nilijaziwa kanga kwenye mdomo wa mbele wa tarumbeta ili sauti isitoke. Miezi mingi nilipuliza kanga. "Ukiweza kumfanya mtu akusikie kupitia kitambaa," alisema, "bila kitambaa utamfikia hata aliyelala Magomeni." Akaniwekea kiganja juu ya kitovu. "Pumzi inatoka hapa. Kifuani ni njia tu. Ukipulizia kifuani utachoka kabla ya ubeti wa pili, na mashavu yatakutoka kama chura."

Alinifundisha pia kwa makosa yangu mwenyewe. Pistoni za tarumbeta zinataka mafuta mepesi, na mafuta hayo hayakuwepo mjini. Nikajiona mjanja, nikatumia mafuta ya nazi ya mama. Hapa Dar yalifanya kazi vizuri mno, zikateleza kama samaki. Tukasafiri kwenda Iringa, mwezi wa baridi. Nanyanyuka kupiga sehemu yangu, nabonyeza, pistoni zimeganda kama zimepigwa simenti. Hamkuwahi kuambiwa kwamba mafuta ya nazi huganda baridini? Mimi sikuwahi kufikiria. Mzee Kondo akasogea huku anaendelea kupuliza, akaipiga sehemu yangu kwa saksofoni yake, yake na yangu kwa zamu, bila kukosa hata pigo moja. Wimbo ulipokwisha akaniinamia sikioni. "Hemedi, humo ndani ulikaanga samaki?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kumwacha mtu aaibike mbele ya watu. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Vifaa vilikuwa adimu. Nyuzi nene za gitaa la besi zikikatika tulifunga waya wa breki ya baiskeli. Kibanzi cha mwanzi kinachotetemeka kwenye mdomo wa saksofoni, ambacho sisi tulikiita ulimi, kilikuwa adimu kuliko sukari. Alikuwapo mfanyabiashara mmoja wa Kihindu hapo Mchafukoge, Bwana Hasmukh, muuza redio na betri. Kila alipopata ndimi alizificha kwenye kopo la chai chini ya kaunta mpaka Mzee Kondo afike. "Kondo bhai, ndugu yangu," alikuwa akisema, "mke wangu anauliza kwa nini chai hapana, mbao tu." Jumamosi alipandisha familia yake yote juu ya paa la ghorofa yao kusikiliza mazoezi yetu ng'ambo ya pili ya mtaa. Hakuwahi kuingia ukumbini, lakini nyimbo zetu alizijua, hata makosa yetu aliyajua.

Na wakubwa nao walikuwa na kamati. Kila wimbo lazima upite mbele ya kamati ya utamaduni ya Shirika kabla haujapigwa popote. Bi Rehema alitunga wimbo wa mwanamke aliyeachwa na mume, wimbo wa kukuliza. Mwenyekiti akausikiliza, akavua miwani, akafuta macho. Kisha akasema, "Mzuri. Lakini hauna mchango kwa taifa. Ongezeni pamba."

"Pamba, mkuu?"

"Ubeti mmoja tu wa kilimo cha pamba."

Tukaongeza. Mwanamke anaachwa, analia, anakwenda shambani, anavuna pamba daraja la kwanza, halafu anarudi kulia. Mpaka leo wako wazee ukiwapigia wimbo ule wanafika penye pamba wanainuka kwenda kununua soda.

Msinielewe vibaya. Siwatamani wale wa pamba. Kijana akiniambia, "Babu, enzi zenu serikali iliwajali wasanii," namwuliza, ilinijali mimi au ilimjali mlinzi? Lakini waliokuja baada ya wale wa pamba hawakusikiliza wimbo hata ili waukatae.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Mlizaliwa katika ruksa, hamwezi kujua ilivyoingia. Kariakoo iliyokuwa na rafu tupu ikafurika: sabuni za kunukia, dawa ya meno, mitumba marundo kwa marundo, redio za kaseti, vinanda vya umeme ambavyo ukibonyeza kitufe vinajifanya tarumbeta, vinajifanya ngoma, vinajifanya bendi nzima. Ndimi za saksofoni sasa Bwana Hasmukh alizipanga dirishani, kila aina, vumbi likizikalia. Tulifurahi, nitasema kweli. Nilinunua mafuta halisi ya pistoni, nikayanusa kama manukato.

Kisha tukaambiwa Shirika linabinafsishwa. Wafanyakazi watapunguzwa, na mali isiyohitajika itauzwa kwa mnada wa hadhara palepale ghalani: meza, viti, mizani, makabati ya chuma, na vyombo vya muziki.

Tulikwenda kwa meneja, Mzee Kondo mbele. Mzee akaeleza taratibu, kwa adabu, kwamba bendi inaweza kujitegemea, ipewe tu nafasi ya kuchukua vyombo vyake na kulipa kidogo kidogo kwa kazi yake. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alifungua mafaili yetu, akatazama, akatutazama.

"Nyinyi ni nani hasa?"

"Bendi ya Shirika, mkuu," akasema Mzee Kondo.

"Bendi sina. Hapa nina walinzi, mpishi, fundi mabomba, madereva. Mlinzi na tarumbeta wapi na wapi? Ningekuwa na mwanamuziki hata mmoja, pengine ningekuwa na la kuandika. Nimwombee mpishi saksofoni?"

Bi Rehema akajibu, "Mpishi mwenyewe hujawahi kula alichopika."

Meneja akacheka. Akasema pole. Akafunga mafaili.

Wiki ile ile ndipo tulipoalikwa semina. Ilikuwa semina ya kukusanya maoni juu ya sera ya utamaduni na sanaa, katika ukumbi wenye feni nyingi na mapazia mazito. Tuliona ni mlango wa Mungu. Mzee Kondo alinyoosha hoja zetu kichwani siku nzima, akazirudia mbele yangu tukitembea: nchi imetuajiri kwa muziki, itambue kwamba muziki ni kazi, na kabla vyombo vya mwanamuziki havijauzwa, mwanamuziki aulizwe kwanza. Hayo tu. Hakuomba hisani.

Tulipofika mlangoni kijana wa mapokezi akauliza, "Bendi? Piteni nyuma. Mtapiga wageni wakiingia, mtapiga wakati wa chai, mtapiga wakati wa chakula."

"Na maoni tutatoa saa ngapi?" Mzee Kondo akauliza.

"Maoni ni ya wadau, mzee. Nyinyi mko kwenye burudani."

Tukapiga. Wakubwa waliingia wakikokota, bega hili, bega lile, wanafurahi. Wakaketi, wakasema juu ya urithi, juu ya kuenzi, juu ya vipaji vya vijana. Maneno mazuri, nayasema bila kejeli, mengine yalikuwa mazuri kabisa. Mzee Kondo akanyoosha mkono. Akaunyoosha tena. Mwisho akasimama, saksofoni imening'inia shingoni, akasema, "Samahani, mwenyekiti. Sisi tulioko huku pembeni tuna neno."

Mwenyekiti akatabasamu, tabasamu la upendo. "Mzee wetu, neno lako tunalijua. Hebu tupigie kidogo, watu wamesinzia."

Ukumbi ukapiga makofi. Walimpigia makofi ili anyamaze. Naye, kwa adabu ile iliyokuwa mfupani mwake, akainama, akaweka mdomo kwenye saksofoni, akapiga. Nami nikapiga. Mpaka leo nikikumbuka nilivyojaza mashavu yangu pale natamani ningelitupa tarumbeta katikati ya sahani zao za pilau. Vijana, mkialikwa mahali pa kusema, msianze kwa kupiga. Mtu akishakusikia ukipiga, anadhani ameshakusikia.

Basi ukabaki mnada. Tulichanga tulichokuwa nacho, Bi Rehema akakifunga kwenye pindo la kanga. Kilikuwa kidogo. Ndipo yeye akaja na akili yake. Tulikuwa tumekaa nje ya ghala, mchana wa jua kali, wapagazi wanapita.

"Nisikilizeni," alisema. "Dalali hajui vyombo. Wanunuzi hawajui vyombo. Lazima aombe mtu apige wasikie kama vinalia. Atamwomba nani? Sisi. Sasa vikilia vibaya, nani atanunua?"

"Sisi," nikasema.

"Kwa bei ya chuma chakavu. Fungua masikio, mlinzi."

Ilikuwa rahisi, na niwaambie ufundi wake maana ni elimu. Tarumbeta, unafungua pistoni ya kati, unaizungusha kidogo tu isikae kwenye mfereji wake, kisha unaifunga. Kwa macho haina kasoro. Ukipuliza, upepo unagota, kinatoka kitu kama mbuzi aliyekabwa. Gitaa unalegeza nyuzi. Ngoma unalegeza ngozi. Saksofoni unaupinda ulimi kidogo pembeni, inakwaruza kama bawaba yenye kutu. Nilinyoosha mkono niishike ya Mzee Kondo nimtengenezee. Akaivuta.

"Hii usiiguse. Nitaiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe, mdomo unatosha."

"Utaweza, Mzee?" Bi Rehema akamwuliza, akimtazama sana.

"Nimekuwa nikiwasikia nyinyi mkikosea miaka yote. Nitashindwa kuiga?"

Siku ya mnada ghala lilijaa. Walikuja wenye maduka ya Kariakoo kutafuta mizani na makabati, walikuja wapita njia, akaja na Bwana Hasmukh akasimama nyuma na mwavuli wake. Mbele alikaa mwenye hoteli mmoja, mtu mkubwa wa mwili, shati la mikono mifupi lenye maua, aliyekuwa akijenga hoteli upande wa bandarini. Alikwisha kununua viti vyetu.

Meza zikaenda. Makabati yakaenda. Dalali akanyanyua tarumbeta langu kwa shingo kama kuku.

"Tarumbeta! Nani anaanzia? Linalia kweli hili? Yuko wapi mtu wa bendi?"

Nikatoka. Nikapuliza. Yule mbuzi akatoka, watu wakaangua kicheko. Bwana Hasmukh akapaza sauti kutoka nyuma, "Arre, Hemedi! Leo tarumbeta ina mafua?" Nikamtazama. Akanitazama. Nikaona ameelewa, maana alikohoa, akageuka kutazama ukuta. Tarumbeta likashuka bei, likashuka, Bi Rehema akafungua pindo la kanga, likawa letu. Gitaa la besi likalia kama mlango, likawa letu. Ngoma zikasema pwa, pwa, zikawa zetu. Ghala zima lilikuwa likicheka, na mimi moyoni nilikuwa nacheka kuliko wote.

Yule mwenye hoteli akamgeukia jirani yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa unaona kwa nini haya mashirika yamekufa? Miaka yote tunalipia bendi, kumbe hata kupiga hawajui. Wapishi na walinzi hawa. Walikuwa wanatuchezea tu."

"Kweli kabisa," watu wakaitikia. "Walikuwa wanatuchezea."

Dalali akanyanyua saksofoni. "Hii nayo ni mbovu? Mzee, njoo tupigie tucheke."

Mzee Kondo akaenda mbele. Akaivaa shingoni. Akakilamba kile kibanzi kama alivyofanya siku zote, taratibu, macho chini. Nilikuwa karibu naye. Niliona mkono wake umetulia, nikajua, kabla ya pumzi ya kwanza, kwamba tumekwisha.

Alipiga wimbo wa mwanamke aliyeachwa. Aliupiga bila ya pamba. Vijana, mimi siwezi kuwaandikia sauti. Nitasema tu kwamba nje mikokoteni ilisimama, wapagazi wakajaa mlangoni na mizigo bado mabegani, na yule dalali akashusha nyundo yake mezani polepole, kama anaogopa itapiga kelele. Bwana Hasmukh alikuwa amefumba macho. Bi Rehema alianza kuimba bila kujua, midomo tu, sauti haitoki. Mzee Kondo aliwarudishia watu wale kila Jumamosi waliyotuambia tulikuwa tunawachezea. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Hawakuthubutu.

Kisha bei ikaanza kupanda.

Ilipanda ikapita pindo la kanga la Bi Rehema, ikapita vyote tulivyokwisha kununua. Bwana Hasmukh alinyanyua mwavuli, akanyanyua tena, jasho linamtoka, akapanda mpaka uwezo wake ulipofika, akaushusha. Mwenye hoteli hakugeuka hata kumtazama. Nyundo ikagonga.

"Mzee Kondo," Bi Rehema akasema, "umetuua."

"Rehema, mdomo umekataa," akasema. "Niliuamrisha. Umekataa."

Mwenye hoteli akaja kuchukua mali yake, amefurahi, anampiga Mzee mgongoni. Mzee Kondo akamweleza, kwa adabu ileile, namna ya kuikausha kila baada ya kupiga, namna ya kulinda vile vifuniko vya matundu visiliwe na unyevu wa bahari. Yule bwana akamkatiza. "Aa, mzee, usihangaike. Haitapigwa. Kinanda ninacho, kijana mmoja anamaliza kila kitu. Hii ni ya ukutani, mapokezi. Wageni wanapenda vitu vya zamani."

 Mzee Kondo akaufungua ule ulimi kwenye mdomo wa saksofoni, akautia mfuko wa shati. Karani wa mnada akasema, "Mzee, hicho kirudishe, ni mali ya mnunuzi."

"Nilimuuzia mimi, kaunta yangu," Bwana Hasmukh akafoka, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akifoka. "Kondo bhai alilipa! Nani anasema mali ya mnunuzi?"

"Mwacheni," mwenye hoteli akasema huku anacheka. "Ukutani kijiti cha kazi gani?"

Bendi iliendelea bila yeye miaka michache, kwenye harusi na mabaa, mpaka vinanda vilipotumaliza. Tulimnunulia baadaye saksofoni nyingine ya mtumba. Aliishika, akasema asante, akaipa mtoto wa dada yake. Alikufa bila kupuliza tena. Wako waliomlaumu. Mimi tarumbeta langu nililipata kwa kuliaibisha, yeye saksofoni yake aliipoteza kwa kuiheshimu, na sijawahi kumlaumu hata siku moja. Ninaowalaumu ni wale waliotufikisha mahali ambapo mwanamuziki, ili abaki na kazi yake, lazima aithibitishie nchi nzima kwamba hajui kuifanya.

Na ndilo jibu la swali lako, kijana uliyeondoka na kofia mkononi. Sera inakuhusu siku dalali anaponyanyua kitu chako kwa shingo. Chako si saksofoni, ni sauti yako iliyolala katika mashine ya mtu mwingine, kwa masharti uliyoyabonyezea ndiyo bila kuyasoma. Nenda huko semina. Uliza: kazi yangu imeandikwa nini humu? Chombo changu ni cha nani? Nikisema hapana, nani amefungwa na hapana yangu? Wakikuomba uwapigie kidogo kwanza, kaa kimya mpaka wakujibu. Watakuona huna adabu. Adabu tuliwapa sisi, waliila yote.

Mwaka jana nilikuwa na shughuli upande wa bandarini, jua limenichosha, nikaingia kwenye hoteli ile kuomba maji. Saksofoni ipo. Iko ukutani, juu ya meza ya mapokezi, inang'aa, wameipaka rangi ya dhahabu ya milango. Nikasogea. Haikuning'inizwa kwa kamba, waliitoboa. Wamepitisha skrubu nne mwilini mwake, wakaikaza ukutani.

Binti wa mapokezi alikuwa mstaarabu sana. "Shikamoo, babu. Umeipenda? Bosi anasema ni kuenzi utamaduni wetu."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Mna bisibisi hapa?"

Akacheka, akaniletea maji.

Hoteli ile ipo hadi leo. Bisibisi nimeshanunua. Mguu wangu mmoja hauniruhusu kupanda juu ya meza, kwa hiyo nahitaji mmoja wenu, mrefu, asiye na haya.